Mfumo Huamini Ulichoandikiwa



Mada niliyopewa ni changamoto zinazozikabili kampuni zinaponunua programu za kupanga shughuli zote za biashara na kuendesha mnyororo wa ugavi. Mifumo hii, ambayo wengi wenu mnaiita kwa kifupi ERP, huunganisha mauzo, stoo, ununuzi, uzalishaji, mishahara na hesabu za fedha katika kanzidata moja. Nitagusa changamoto kadhaa, lakini hoja yangu ni moja, na nataka muisikie mapema ili muipime muda wote nitakapokuwa nazungumza. Kampuni nyingi zilizoumizwa na mifumo hii hazikuuziwa programu mbovu. Ziliwaacha nje watu wanaoijua bidhaa, kisha zikaiamini mashine iliyolishwa taarifa na watu wasioijua.

Wazee wa biashara walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi ipo hatari ya pili. Daftari lipo, limepangwa vizuri, mkurugenzi analiona kwenye skrini yake kila asubuhi, ila halifanani na kilichomo stoo. Mali ya namna hiyo hupotea huku taarifa zikiendelea kutolewa.

Jinsi mfumo unavyokokotoa

Msingi wa mifumo hii uliwekwa katika miaka ya 1960, pale mhandisi Joseph Orlicky, aliyefanya kazi IBM, alipoendeleza njia ya kutumia kompyuta kukokotoa mahitaji ya malighafi viwandani. Kitabu chake kuhusu njia hiyo kilitoka mwaka 1975. Kabla ya hapo, mwaka 1972, wahandisi 5 waliotoka IBM nchini Ujerumani walianzisha kampuni ya SAP, na mwaka 1992 kampuni hiyo ikatoa R/3, programu iliyoenea katika viwanda na maduka makubwa duniani. Rangi za skrini zimebadilika tangu enzi hizo, lakini hesabu iliyo ndani ni ileile.

Chukueni kiwanda cha sabuni. Mteja ameagiza katoni 1,000. Mfumo unatazama stoo, unakuta katoni 300, unaamua kiwanda kitengeneze 700. Kila katoni ina vipande 24, kwa hiyo zinahitajika karatasi 16,800 za kufungia. Karatasi zilizopo ni 10,000, basi mfumo unaandika oda ya karatasi 6,800. Kwa kuwa msambazaji huchukua wiki 3 kuleta mzigo, oda inatoka wiki 3 kabla ya siku ya uzalishaji. Hayo yote yamefanyika ndani ya sekunde chache, bila mtu kupiga simu wala kufungua faili.

Sasa tuseme zile katoni 300 hazipo. Stoo kuna 120, nyingine zililowa mvua zikatupwa na hakuna aliyeandika. Ukweli ni kwamba kiwanda kinatakiwa kutengeneza katoni 880, na karatasi za kuagiza ni 11,120. Mfumo umeagiza 6,800. Karatasi 4,320 zitapungua, na kosa halitakomea kwenye karatasi. Litapita kwenye mawese, kwenye ratiba ya mashine, kwenye nafasi ya lori, kwenye fedha zilizotengwa benki, hadi kwenye ahadi aliyopewa mteja. Karani wa zamani mwenye leja angekosea ukurasa mmoja. Mfumo uliounganishwa hulichukua kosa la mtu mmoja na kulifikisha idara zote kabla ya saa ya chai, kila idara ikidhani imepokea ukweli.

Waasisi wa fani hii walilijua jambo hilo. Oliver Wight, aliyekuwa mwenzake Orlicky katika kuieneza njia hii, aliacha vipimo vinavyotumika hadi leo: rekodi za stoo ziwe sahihi kwa asilimia 95, na orodha za malighafi za kila bidhaa kwa asilimia 98, ndipo mtu atarajie mpango wenye maana. Chini ya hapo kompyuta inakokotoa upesi jambo lisilokuwapo.

Kanada, 2013

Kisa kinachofundisha kuliko vyote ninavyovijua ni cha kampuni ya maduka ya Target. Nchini kwao Marekani walikuwa mabingwa wa kupanga rafu. Mwaka 2011 waliamua kuingia Kanada, wakanunua haki za kupanga majengo ya maduka ya Zellers kwa takriban dola bilioni 1.8 za Kanada. Maduka ya kwanza yalifunguliwa Machi 2013, na hadi mwaka unakwisha yalikuwa 124. Januari 2015 walitangaza kuondoka. Wakati huo walikuwa na maduka 133 na wafanyakazi wapatao 17,600, na hasara ilizidi dola bilioni 2.

Mfumo wao wa Marekani ulikuwa umejengwa kwa miaka mingi kwa ajili ya Marekani. Haukuzoea dola ya Kanada wala herufi za Kifaransa. Wakaamua kutumia SAP, programu ambayo kampuni nyingine kubwa ziliitumia bila matatizo. Kazi iliyobaki ilionekana ya kikarani tu: kuingiza taarifa za bidhaa zipatazo 75,000. Kila bidhaa ina jina, msimbopau, urefu, upana, kimo, uzito, idadi kwa katoni, bei, sarafu, msambazaji, na mahali inapokaa kwenye rafu. Kazi hiyo walipewa vijana wengi walioajiriwa karibuni, wasio na uzoefu wa kutosha, huku tarehe za kufungua maduka zikiwa zimekwisha kutangazwa.

Yaliyofuata yalitabirika kabisa. Upana uliandikwa mahali pa urefu. Inchi ziliingizwa mahali pa sentimita. Sarafu zikachanganywa. Kabla ya kufungua, viongozi waliona dalili, wakasimamisha kazi nyingine kwa muda ili wafanyakazi wakague taarifa mstari kwa mstari, lakini muda ulikuwa umekwisha. Kwa makadirio ya waliofanya kazi humo, usahihi wa taarifa ulikuwa kama asilimia 30, ilhali Marekani ulikuwa asilimia 98 au 99. Kumbukeni vipimo vya Wight.

Kutokana na namba hizo, mizigo ilifika ghalani ikiwa haifanani na kilichoandikwa kwenye oda, na bidhaa zilifika dukani zisienee kwenye rafu zilizopangiwa. Programu ya kubashiri mauzo ilihitaji historia ya miaka ya nyuma, na Kanada hapakuwa na historia, hivyo ikalishwa matumaini ya wakuu. Maghala 3 makubwa yakafurika. Mama wa Kikanada aliyeingia dukani kununua vitu vya kawaida kabisa alikuta rafu tupu, ilhali shehena imejaa ghalani.

Ipo sehemu ya kisa hiki ambayo naiona nzito kuliko inchi na sentimita. Wachambuzi waliokuwa wakipimwa kwa kiwango cha bidhaa zinazopatikana rafuni waligundua kwamba ukizima kitufe cha kuagiza bidhaa upya, mfumo huacha kuihesabu bidhaa hiyo kuwa imekwisha. Rafu inabaki tupu, ripoti inasomeka vizuri. Wapo waliofanya hivyo. Hawa walikuwa watu wa kawaida waliobanwa na wakubwa waliotaka namba nzuri mapema kuliko walivyotaka kusikia tatizo. Palipo na mkubwa wa namna hiyo, mfumo wowote utafundishwa kusema uongo, na utausema bila kusita.

Mahali pasipoandikwa

Kisa cha pili ni cha watengeneza chokoleti wa Hershey, Marekani. Mradi wao wa dola milioni 112 ulipangwa kuchukua miezi 48, ukabanwa kuwa miezi 30 kwa sababu ya hofu ya kompyuta kushindwa kusoma mwaka 2000. Programu 3 kutoka kampuni 3 tofauti ziliwashwa kwa pamoja Julai 1999, wakati ambapo wenye maduka huanza kuagiza peremende za sikukuu ya Halloween, inayoangukia Oktoba 31. Hershey ilishindwa kupeleka oda za takriban dola milioni 100, na faida ya robo mwaka hiyo ikashuka kwa asilimia 19.

Chokoleti ilikuwapo. Wakati wa msimu mkubwa wafanyakazi walikuwa na desturi ya kuweka mzigo wa ziada popote penye nafasi, na wenyewe walijua ulipo. Maeneo hayo hayakuandikishwa kwenye mfumo kuwa sehemu za kuhifadhia. Mfumo ulipoulizwa kama mzigo upo, ulijibu kwa yale maeneo uliyofundishwa tu. Ujuzi uliokaa kichwani mwa watu wa ghala haukuulizwa, na usiku mmoja tu wa kubadili mfumo ukatosha kuufuta.

Msidhani haya ni matukio ya nadra. Watafiti Nicole DeHoratius na Ananth Raman walichunguza rekodi zipatazo 370,000 kutoka maduka 37 ya kampuni moja ya Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Asilimia 65 ya rekodi hazikulingana na kilichokuwapo dukani, na hiyo ilikuwa kampuni yenye mashine za kusoma misimbopau na ukaguzi wa kila mwaka. Mwuzaji anapopitisha kopo moja mara 3 kwenye mashine badala ya kupitisha makopo 3 ya ladha tofauti, fedha zinalingana jioni, lakini rekodi za bidhaa 3 zimeharibika kwa mpigo mmoja. Mhasibu hatagundua, kwa sababu yeye anatazama shilingi.

Kwetu

Nikigeukia Afrika Mashariki, matatizo yanayotajwa kwanza ni umeme kukatika, intaneti kusuasua, na leseni kulipiwa kwa dola huku mauzo yakiingia kwa shilingi. Yote ni ya kweli, na yana dawa zinazojulikana: betri, laini mbili za mtandao, mkataba unaotaja sarafu na ukomo wa kupanda bei. Lipo pia suala la mamlaka za kodi. Tanzania imekuwa na mashine za EFD, zinazotoa risiti za kodi, tangu mwaka 2010, na Kenya, kuanzia Januari 1, 2024, haikubali gharama za biashara zisizo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS wakati wa kukokotoa kodi. Mfumo uliotengenezwa ng'ambo ambao hauzungumzi na mashine hizo utamlazimisha karani kuandika kila kitu mara mbili, na kinachoandikwa mara mbili huwa na majibu mawili.

Hata hivyo tatizo letu kubwa liko kwenye kipimo. Gunia la viazi linaloingia sokoni likiwa na lumbesa, yaani mzigo wa ziada uliorundikwa juu yake, limezidi kilo 100 ambazo sheria ya vipimo ya Tanzania inaruhusu. Wakala wa Vipimo wamepambana na lumbesa kwa miaka mingi, na Kenya kwa kanuni zake za viazi za mwaka 2019 iliweka ukomo wa kilo 50. Bado soko linanunua kwa jicho. Mkulima anaumia, hilo linasemwa sana. Linalosemwa kidogo ni kwamba mnunuzi mwenye mfumo wa kisasa naye anaingia gizani. Karani ameandika gunia 1, mfumo unalisoma kilo 100, mzani wa kiwanda unatoa kilo 130, na kuanzia hapo kila hesabu ya gharama kwa kilo, ya tani kwa lori, ya malipo kwa mkulima, imepinda. Hakuna programu itakayounyosha uzito ambao mnunuzi na muuzaji wamekubaliana kutoutaja.

Ingieni duka la jumla Kariakoo au Mombasa. Bidhaa moja inanunuliwa kwa katoni, inauzwa kwa dazani, inarudishwa kwa kipande, na mteja wa siku nyingi anaongezewa juu. Mwenye duka anayajua yote haya, na kijana wake wa stoo anayajua zaidi. Fundi wa kompyuta aliyekuja kusimika mfumo hayajui, na mara nyingi hakai stoo hata siku moja. Anakaa ofisini na mhasibu, wanaelewana, wanafunga kazi. Mwezi wa pili mfumo unaonyesha stoo ina upungufu wa vipande 23 kwa kila katoni iliyoingia, kwa sababu katoni 1 ya vipande 24 ilipokelewa kama kipande 1. Mwenye duka anarudi kwenye daftari lake la kaunta, na mfumo aliolipia unabaki kutoa risiti tu.

Katika afya suala hili ni la uhai. Tanzania na Zambia zilishirikiana kujenga eLMIS, mfumo wa taarifa za dawa na vifaa tiba, ulioanza kutumika kati ya mwaka 2013 na 2014. Vituo vingi vilijaza fomu ya taarifa na maombi kwa mkono, ikapelekwa wilayani, ndipo ikaingizwa kwenye kompyuta. Fikirini ni nani anayejaza fomu ile zahanati. Ni muuguzi au tabibu aliyekwisha kuhudumia foleni ya wagonjwa tangu asubuhi. Kama hana muda wa kuhesabu makopo kabatini, ataandika makadirio, na Bohari ya Dawa, pamoja na magari na maghala yake, itapanga kwa makadirio hayo. Tukitaka dawa zifike, saa moja ya muuguzi ya kuhesabu iwe sehemu ya kazi yake inayotambuliwa na kulipwa.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba teknolojia mpya itayaondoa haya: misimbopau, vihisio, akili mnemba inayobashiri mauzo. Vyombo hivi vinasaidia, na ningependa tuvitumie. Lakini msimbopau husoma namba iliyobandikwa, na anayejua kwamba bandiko limekosewa ni mtu aliyeishika katoni. Akili mnemba hujifunza kutoka kwenye rekodi za nyuma, na rekodi zikiwa na makosa itajifunza makosa hayo kwa bidii.

Wengine watasema dawa ni kuufinyanga mfumo ufuate desturi za kampuni. Hapa kuna somo la Lidl, kampuni ya maduka ya Ujerumani. Mwaka 2018 ilisimamisha mradi wa SAP ulioanza mwaka 2011, baada ya kutumia takriban euro milioni 500. Mgogoro mmoja mkubwa ulihusu thamani ya stoo. Lidl ilizoea kuihesabu kwa bei ya kununulia, programu ya kawaida ikaihesabu kwa bei ya kuuzia, na kampuni haikutaka kuacha desturi yake. Marekebisho yakazaa marekebisho. Wenye kampuni waketi na watu wao wa ghala kabla ya mkataba, waseme ni desturi zipi ndizo nguvu yao na zisiguswe, na ni zipi zilitokana na mazoea tu na ziachwe. Uamuzi huo ukisubiri hadi mafundi wameanza kazi, bili yake haina mwisho.

Tufanye nini

Kwanza, hesabuni kabla ya kununua. Chagueni bidhaa 100, hesabuni kilichopo, linganisheni na daftari mlilonalo sasa. Mkikuta chini ya 95 ndizo zilizo sahihi, fedha za mfumo zianze kutumika kurekebisha stoo. Baada ya hapo isiwe hesabu moja ya mwisho wa mwaka. Kila wiki hesabuni sehemu, zile zinazotoka sana zikihesabiwa mara nyingi zaidi, na kila tofauti itafutiwe chanzo chake.

Pili, kila taarifa iwe na mwenyewe. Bidhaa mpya isiingie kwenye mfumo mpaka mtu anayejulikana ameipima kwa rula na mzani na kuweka jina lake. Mtu huyo awe na mamlaka ya kukataa, hata kama meneja mauzo ana haraka. Tanzania ina Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na vyuo vinatoa vijana waliosomea kazi hii. Tuwape stoo kwa heshima ya taaluma. Mmezoea kumpeleka stoo mfanyakazi aliyeshindwa kwingine. Acheni.

Tatu, chagueni msimu. Duka lisibadilishe mfumo mwezi wa Ramadhani wala Desemba. Muuza vitabu na sare asibadilishe Januari. Mnunuzi wa korosho asiguse kitu minada ikishaanza. Na mfumo wa zamani uendelee kando ya mpya hadi hesabu mbili zilingane.

Nne, fundisheni watu kikamilifu. Nike iliingia matatani mwaka 2000, programu yake ya kubashiri mauzo ilipoagiza viatu vingi visivyotakiwa na vichache vilivyotakiwa, ikapoteza mauzo ya takriban dola milioni 100. Haikuuacha mradi. Ilipunguza kasi, na wahudumu wa wateja wakatakiwa kumaliza saa 140 hadi 180 za mafunzo kabla ya kuruhusiwa kugusa mfumo. Hershey nayo ilihamia toleo jipya la SAP, mojawapo ya zile programu zake 3, mwaka 2002, ikaenda hatua kwa hatua, ikafanikiwa. Programu ya Hershey ilikuwa ya ukoo uleule. Kilichobadilika ni muda na nafasi waliyopewa watu. Kwetu mafunzo ya siku 2 na chakula cha mchana yanahesabiwa kuwa yametosha.

Tano, na hili nawaambia wakurugenzi: mlipeni anayewaletea habari mbaya mapema. Mtunza stoo akisema kuna upungufu, msimkate mshahara kabla hamjauliza sababu, kwa maana mkimkata leo, kesho rekodi zenu zitalingana kila mwezi na hamtajua tena mna nini.

Muuzaji wa programu atakapokuja ofisini kwenu na kompyuta yake, ombeni kikao kifanyikie stoo. Mtunza stoo awe wa kwanza kuuliza maswali, na muuzaji aonyeshe palepale jinsi mzigo uliopungua, uliolowa, uliorudishwa na uliopimwa kwa gunia unavyoandikwa. Akishindwa, msisaini. Na mtunza stoo wenu akisema hamjawa tayari, ahirisheni tarehe, hata kama imekwisha kutangazwa. Gharama ya kuahirisha mnaweza kuikokotoa jioni hiyohiyo kwa kalamu. Target walikuwa na tarehe isiyosogea, na chini ya miaka 2 tangu kufungua duka la kwanza wakatangaza kufunga kila duka walilolifungua.